Taa ya Samaki wa Baba

Wiki iliyopita nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwa mteja mmoja, upande ule wa mji ambako kila nyumba ina ua mrefu na mbwa wakali, nikipima tangi lake la samaki, wakati msichana wa kazi alipofungua kopo la rangi nyeusi ya viatu pale barazani. Harufu ikaingia dirishani. Mikono yangu, ambayo haitetemeki hata nikiwa juu ya ngazi ndefu, ikaachia tepu ya kupimia. Mteja akauliza kama nimepigwa na stima. Nikamwambia mimi na stima tunaheshimiana, kisha nikaomba maji ya kunywa.

Nitaje sifa zangu mapema, kwa maana nilizitafuta mwenyewe na sioni haya kuzibeba. Nilizaliwa mtaa wa Mbotela. Nina diploma ya umeme niliyoisomea jioni, mchana nikivuta nyaya kwenye majengo ya watu. Nimefanya kazi nchi za Ghuba, nikafunga taa katika hoteli ambazo watu huziingia wamevaa kama wanakwenda harusini, na sikurudi kwa kufukuzwa wala kwa kuchangiwa nauli. Nilirudi kwa tiketi yangu, nikafungua kampuni, na leo gari langu la kazi lina jina langu ubavuni kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya pili ya Jogoo Road. Wenye matangi ya samaki hunipigia simu wakitaka kujua wanunue taa gani ya LED, nami huwajibu kabla hata hawajanitumia picha. Kama huna mimea ndani ya maji, usitafute taa kali. Chukua nyeupe tulivu, iliyofunikwa isiingie maji, iinue kidogo kutoka usoni mwa maji, na uizime usiku, kwani samaki hana kope za kufumba. Wananilipa kwa maneno hayo. Hakuna anayeuliza niliyajifunza wapi.

Niliyajifunza kwetu, katika nyumba ya kupanga ya kaunsili yenye sakafu nyekundu, majira yale baba yangu alipokuwa akipofuka na mimi nikiamini kwamba taa ndiyo mbovu.

Baba alikuwa dereva wa gari la mikate. Alitoka nyumbani kabla ya mapambazuko, akashuka kwa miguu hadi kiwandani Industrial Area, akapakia, akasambaza madukani hadi jioni. Nguo zake zilinukia hamira. Katika ukoo wetu, watu wa Ukambani, mwanamume alikuwa na njia mbili za kula mjini: usukani au patasi. Baba alishika usukani. Mjomba Kilonzo, kaka yake Mama, alishika patasi, akichonga twiga na ndovu wa kuuzia watalii. Mwanamume aliyekosa vyote viwili alirudi kijijini kuchimba mitaro shambani. Kwa hiyo sisi watoto tulijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba chakula chetu kilitoka kwenye mikono ya Baba na macho yake. Mikono tuliiona ikifanya kazi. Macho hatukuyafikiria, kama vile mtu asivyofikiria msingi wa nyumba anayolala.

Tangi lilikuja siku ofisi ya meneja wa kiwanda ilipopangwa upya na vitu vya zamani vikatolewa nje. Baba aliomba apewe. Lilifika nyuma ya gari la mikate limefungwa kwa magunia, samaki wakiwa ndani ya mtungi wa plastiki, na watoto wa laini yetu yote ya nyumba wakafuata kana kwamba ni jeneza la chifu. Samaki walikuwa wa rangi ya machungwa, wengine weupe wenye madoa, na mkia wa kila mmoja ulitikisika kama kitambaa. Mama aliuliza kama ni wa kukaanga. Baba akasema ni wa kutazama. "Kwa hiyo," Mama akasema, "tutalisha samaki wasiolisha mtu." Lakini hata yeye alisogeza kabati la vyombo ili tangi lipate ukuta.

Tangu siku hiyo Baba akirudi kazini alivua viatu, akachukua kigoda, akaketi mbele ya kioo. Jioni ya kwanza kabisa alisema taa ya tangi ni hafifu, samaki wengine hawaonekani. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwake na niliwaona wote, hadi mdogo aliyejificha nyuma ya jiwe. Nikadhani watu wazima wana kiwango chao cha kuona, cha juu kuliko chetu, kama vile wanavyotaka chai yao iwe kali zaidi. Baba alikuwa mtu mkubwa. Alistahili taa kubwa.

Taa ile ya kwanza ilikuwa mrija mrefu uliokuwa ukipepesa. Baba aliing'oa, akaning'iniza balbu ya kawaida ya manjano. Ilipasha maji moto, samaki wakaanza kuhema juujuu. Ikaja balbu nyeupe iliyojisokota kama mkia wa nguruwe. Baba akaitazama jioni mbili tatu, akatikisa kichwa. Ndipo akanigeukia mimi, mtoto wake wa kwanza, niliyekuwa nimekwisha kufufua redio ya jirani na pasi ya mwalimu wa kwaya. Sikuwa mtoto wa kushikia watu tochi, mimi ndiye niliyeshikiwa. Akaniambia, "Mwende, wewe ndiye fundi wangu. Nitafutie taa ya kuwaonyesha hawa samaki."

Hakuna cheti nilichopewa tangu hapo kilichonijaza kifua namna ile.

Nilikwenda kwa Karis, kijana aliyekuwa na kibanda karibu na barabara kuu na kazi yake ilikuwa kufunga taa za urembo kwenye matatu. Kibandani mwake ilining'inia mikanda ya LED kama matumbo ya mbuzi siku ya sherehe: bluu, zambarau, kijani, nyekundu. Nilimweleza haja yangu. Alicheka hadi akaweka chini koleo.

"Niaje, fundi wa Mbotela. Sasa samaki wa buda yako wanataka kuenda disko?"

Nikamwambia Baba haoni samaki wake vizuri.

"Basi si shida ya mataa hiyo," akasema, akiwa bado anacheka. "Mpeleke kwa daktari wa macho."

Nilimwona ni mjinga. Dereva apelekwe kwa daktari wa macho? Ilikuwa sawa na kumwambia mwimbaji aende kutafutiwa sauti. Nilisimama pale nimenuna mpaka akaniona nina nia, akanikatia mkanda mweupe uliovikwa mpira wa kuzuia maji, akanifundisha kwamba ule haukai kwenye soketi moja kwa moja kama balbu, unataka volti kumi na mbili kama gari, kwa hiyo lazima adapta iwe katikati. Adapta aliitoa kwenye sanduku la vitu vilivyokufa. Nilichomelea nyaya mwenyewe pale pale, yeye akitazama, na hakucheka tena.

Jioni hiyo taa ilipowaka, chumba kizima kiligeuka kuwa cheupe kama duka la dawa. Watoto walijazana mlangoni. Baba alisogeza kigoda, akainamia kioo hadi pua ikakigusa. Akasema ni nzuri. Kisha akakaa, kisha akasema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumvunja mtoto moyo, labda tuongeze mwingine.

Tukaongeza. Nikapanga mikanda miwili, mitatu, sambamba. Taa ikawa haizimwi tangu asubuhi, kwa kuwa Baba alitaka aikute inawaka. Maji yakaanza kuwa ya kijani. Leo ningekwambia hata nikiwa usingizini kwamba mwanga ukizidi, mwani wa kijani hula maji, na kwamba dawa si kuongeza taa bali kuipunguza. Wakati ule niliona maji yanafifia tu, nikajua kinachotakiwa ni mwanga zaidi. Nilimwaga na kujaza, nikamwaga na kujaza, na kila yalipokuwa safi nilimtazama Baba usoni, nikingojea. Hakusema tena kwamba haoni. Alisema, "Leo wamejificha."

Mambo mengine yalikuwa yakitokea ambayo niliyasoma kinyume. Baba alianza kupita watu njiani bila kuwasalimia. Mama Njoki, jirani yetu aliyeuza mboga mwisho wa laini, alimwambia Mama kwamba siku hizi Baba Mwende ana maringo, anampita mtu begani kama mlingoti. Mama akamtetea kwamba ni uchovu. Mimi nilifurahi sana. Niliona tangi limempandisha daraja, amekuwa kama wale mameneja wanaotazama mbele tu. Nilianza mimi pia kutembea hivyo, shingo imenyooka, hadi nikajikwaa kwenye bomba.

Kisha Mama akawa na masharti mapya. Jiko lisiondolewe mahali pake. Viatu visiachwe mlangoni. Kikombe cha Baba kiwekwe mbele yake, katikati kabisa, wala si pembeni. Mdogo wangu alichapwa kwa kuacha beseni njiani, kosa ambalo zamani halikuwa kosa. Niliona Mama amekuwa mkali bila sababu. Hata niliposikia nyuma ya pazia akimsihi Baba aende hospitali, nilidhani ni mgongo, kwa maana madereva wote huumwa mgongo. Lakini Baba alijibu kwamba macho yake ni mazima, ila stima ya siku hizi imepungua nguvu, kila mtu analalamika, nami nikamwamini. Nililala nikiwaza jinsi ya kuiongezea nguvu.

Wazo la mfuniko lilikuwa langu. Mwanga ulikuwa ukipotea juu, ukimulika dari na mabati badala ya samaki. Nilimwomba Mjomba Kilonzo anitengenezee mfuniko wa mbao wa kushikilia mikanda karibu kabisa na maji, nami ndani yake nikabandika karatasi zile zinazong'aa za pakiti za krisi, vile viazi vikavu vya dukani, ili zirudishe mwanga chini. Mjomba hakuwa mtu wa kutengeneza ubao mtupu. Alileta mfuniko wenye msafara wa ndovu, kila mmoja ameshika mkia wa mwenzake kwa mkonga, kazi ambayo mnunuzi alikuwa ameikataa kwa sababu ndovu wa mwisho alivunjika pembe. Na kama wachongaji wote wanavyofanya ili mti wa kawaida uonekane mpingo, aliupaka rangi nyeusi ya viatu, akausugua kwa brashi mpaka ukang'aa. Aliupaka nje na ndani. Nilimuuliza kwa nini ndani, na hakuna atakayepaona. Akaniambia kazi isiyomalizwa ndani ni uongo wenye uso mzuri. Nikaona ni maneno ya mtu mwenye fahari na kazi yake, na mimi watu wa namna hiyo nawapenda hadi leo.

Tuliufunga Jumamosi. Baba aliwashika ndovu mmoja mmoja kwa vidole, akitabasamu. Kwa vidole aliona kila kitu.

Kilichofuata nakijua sasa hatua kwa hatua, kama ninavyojua njia ya mkondo wa umeme kutoka kwenye mita hadi kwenye swichi. LED huonekana baridi, lakini mgongo wake hupata joto, na nilikuwa nimeibana mgongo kwenye mbao. Mvuke wa maji ukapanda, ukakutana na ile rangi yenye nta, ukailainisha. Ikadondoka tone kwa tone. Nta ikatanda usoni mwa maji kama mafuta juu ya supu, hewa ikakosa njia, na mfuniko wenyewe ulikuwa umeziba kotekote kwa sababu nilitaka hata uzi mmoja wa mwanga usipotee. Tulipotoka kanisani Jumapili mchana, tukiwa na Mjomba aliyekuja kula nasi, Baba alikwenda moja kwa moja kwenye kigoda chake. Mama akaingia jikoni. Mimi nilibaki mlangoni kwa sababu ya harufu.

Samaki walikuwa juu ya maji, wamelala ubavu. Wote. Mikia ile iliyokuwa kama vitambaa ilikuwa imeshikamana kwa weusi. Chini ya taa yangu walionekana wazi mno, mpaka macho yao.

Baba alikuwa ameegemeza viwiko magotini. "Kilonzo," akasema, "njoo uone. Sasa hii ndiyo taa. Ona walivyotulia."

Mjomba alisogea, akatazama tangi, akatazama shemeji yake. Mama alitokea na sahani mikononi, na nilimwona akielewa kwa mpigo mmoja, si habari ya samaki tu bali na ya macho ya Baba. Nadhani alikuwa akiijua siku nyingi, ila alikuwa hajawahi kuiona imeketi kwenye kigoda namna ile, ikitabasamu.

Mimi nilingoja mtu mzima arekebishe. Ndivyo mtoto anavyodhani dunia imefungwa, kwamba mahali fulani kuna swichi na yupo mtu mzima anayejua ilipo. Walikuwa watatu chumbani na hakuna aliyejongea.

Hatimaye Mama aliweka sahani chini. "Baba Mwende," akasema polepole, "samaki wamekufa."

"Yupi?"

"Wote."

Baba hakugeuka. Aliinua mfuniko kwa mkono mmoja, akaingiza mwingine ndani, akapapasa hadi akamgusa mmoja. Alimshika kidogo, akamwachilia. Akavileta vidole puani, akanusa.

"Ni rangi ya viatu," akasema.

Mjomba akaanza kujilaumu, maneno yakimtoka kwa Kikamba bila mpangilio. Baba akamnyamazisha kwa kiganja, kwa upole. Mama yeye hakuwa na habari ya samaki wala rangi. Alimwambia mumewe, mbele yetu, kwamba kesho asiendeshe. Watu wa mapambazuko, alisema, wale wanaokwenda viwandani kwa miguu pembeni mwa barabara, wengine kutoka mtaa wa Mukuru na watoto migongoni, wote wamevaa nguo nyeusi, hatawaona. Baba akasema kesho ataendesha kama kawaida, kwamba barabara ile anaijua hata akifumbwa macho. Baada ya neno hilo hakuna aliyegusa sahani, na chakula kikapoa.

Usingizi ulinikataa. Sikumwogopea mtu wa barabarani. Nilikuwa mtoto, sikuweza kufika umbali huo. Nilichoelewa ni kwamba nilipewa kazi na imenishinda, na kwamba dawa bado ilikuwa mikononi mwangu. Kabla Baba hajaamka niliubandua mkanda mmoja kutoka kwenye mfuniko, nikaufuta nta kwa kanga ya Mama, nikachubua ncha za nyaya. Gari lina volti kumi na mbili. Karis alisema. Si matatu zote zilikuwa na mikanda kama huu? Alipokuwa akifunga kamba za viatu nilimpa, nikamweleza afunge mbele, juu ya kioo, waya mwekundu huku na mweusi kule, na ataona barabara yote.

Alinisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza hata swali moja, kama fyuzi inahitajika, nami nikajibu. Akauzungusha mkanda mkononi taratibu, akautia mfuko wa koti, akatoka.

Mama ndiye aliyenisimulia yaliyotokea uani kiwandani, nilipokuwa mkubwa. Baba alipanda garini, likiwa limepakiwa tayari, akawasha taa kubwa kuelekea ukutani, na ukuta wote ule wa kiwanda akauona kama sahani moja ya mwanga, pande zote giza. Kisha akazima, akateremka, akapeleka funguo ofisini bila kuulizwa na mtu. Daktari alikuja kuiita hali hiyo presha ya macho, na akasema kuna dawa ya kulinda kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi. Mimi nimepeleka macho yale kwa madaktari wa nchi mbili, nikiwa na uwezo wangu, na wote wamenipa jibu lile lile kwa lugha tofauti.

Siku hiyo nilimkuta nyumbani nilipotoka shule, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Ameketi kwenye kigoda, koti mwilini. Mama alikuwa amewatoa samaki, maji yamebaki. Baba akautoa mkanda mfukoni, umekunjwa vizuri kama nilivyompa.

"Gari limepata dereva mwingine," akasema. "Hii irudishe kwa samaki."

"Samaki hawako, Baba."

"Najua. Washa tu. Nataka kujua inafika wapi."

Nikaunganisha. Mwanga ukajaa chumbani, mweupe, ukampiga usoni na kwenye ukuta nyuma yake. Akainua mkono wake wa kulia, akaunyoosha mbele ya macho, kiganja wazi, akaanza kuusogeza kando polepole, huku akitazama mbele bila kugeuza kichwa. Haukwenda mbali. Ulikuwa haujafika hata usawa wa bega alipousimamisha.

"Hapa," akaniambia. "Hapa ndipo inapoishia."

Niliutazama mkono. Taa yangu ilikuwa imeuangaza wote, hadi kwenye kucha.